Kodi ya Jengo na Haki ya Kuuliza

Ndugu waamini, na hasa ninyi mliokabidhiwa uongozi wa walei katika vigango na jumuiya zetu ndogo ndogo, kodi ni wajibu wa kila raia. Twaanza kwa kulitamka jambo hilo waziwazi, ili asitokee mtu wa kuyageuza maneno yetu kuwa kisingizio cha kukwepa kulipa. Zahanati haijengwi kwa maneno matupu, na mwalimu hali chaki. Hata hivyo, wajibu wa kulipa una pacha wake, nao ni haki ya kuuliza: Ninatozwa nini? Kwa sheria ipi? Je, mimi ni miongoni mwa wale wanaopaswa kutozwa? Pacha huyu wa pili amesahauliwa vijijini mwetu, na kwa sababu ya kusahauliwa kwake wapo wazee na wajane wanaolipa, mwezi hata mwezi, kodi ambayo sheria yenyewe imewasamehe.

Tumtazame mama mmoja wa mfano, ambaye kila msomaji wa Lukuledi, Masasi au Newala atamtambua katika kitongoji chake. Ni mjane mwenye umri wa miaka 71. Anaishi katika nyumba ya tofali za kuchoma na bati, aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe kwa fedha za korosho. Umeme umefika kijijini, naye akaunganishiwa. Mwanzoni mwa mwezi humtuma mjukuu wake dukani na shilingi 2,000 akanunue umeme. Kabla hajapata hata uniti moja, shilingi 1,500 zimekwisha kukatwa kwa ajili ya kodi ya jengo. Kinachobaki ni shilingi 500, nazo hupunguzwa tena na makato mengine. Mama hudhani kwamba umeme umepanda bei. Siku chache baadaye taa huzimika, naye hurudia koroboi yake bila kulalamika. Hakuna aliyemweleza kwamba, kwa umri wake, na kwa kuwa nyumba ni yake na ndiye akaaye humo, hakupaswa kukatwa fedha hizo.

Kwa mwaka mzima makato hayo hufika shilingi 18,000. Mtu wa mshahara aweza kusema kwamba hicho ni kiasi kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini kwa mpango wa Wakala wa Nishati Vijijini imekuwa shilingi 27,000. Maana yake ni kwamba kwa muda wa mwaka mmoja na nusu mama huyu hulipa, kwa kodi asiyodaiwa, kiasi kile kile kilichomletea umeme nyumbani. Tukumbuke pia kwamba fedha ya huku kwetu ina majira yake. Huonekana wakati wa minada ya korosho, nayo huwa imekwisha mikononi mwa wengi mvua zinapokolea na ghala zikabaki tupu. Makato ya mwezi hayatambui majira hayo.

Kodi ya nyumba si ngeni kwetu

Wazee wetu waliijua kodi ya nyumba kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa. Serikali ya Wajerumani ilianza kuitoza mwaka 1898, na kwa nyumba ya kijijini ilikuwa rupia 3. Aliyekosa fedha alitolewa jasho kwa kazi. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, kodi ilikuwa mojawapo ya machungu yaliyowakusanya watu, pamoja na kazi za shuruti katika mashamba ya pamba. Moto wa vita hivyo ulifika hadi hapa petu: misheni ya Lukuledi, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1895, iliteketezwa mwaka huo huo wa 1905. Waingereza walipochukua nchi nao walitoza kodi ya nyumba na ya kichwa, na vijana wengi wa uwanda wa Makonde waliteremka kwenda kwenye mashamba ya mkonge kutafuta fedha ya kuilipa. Baada ya Uhuru tuliijua kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Na wapo kati yetu wanaokumbuka jinsi watu walivyokimbilia porini waliposikia kwamba mgambo wameingia kijijini.

Tunayakumbusha hayo si kwa nia ya kutonesha vidonda vya kale. Historia hiyo ndiyo iliyotufundisha kwamba mbele ya mtoza kodi kuna njia mbili tu, kulipa au kukimbia. Njia ya tatu, ile ya kusimama na kuuliza kwa adabu huku mkononi una karatasi, haikufundishwa. Kodi ya mkoloni haikumpa mwananchi sauti yoyote katika kuitunga. Kodi ya leo imetungwa na Bunge la wananchi, na ndani ya sheria hiyo hiyo kuna misamaha na kuna milango ya kupinga. Kukaa kimya mbele ya mlango ulio wazi ni kuendelea kuishi chini ya woga ambao sababu yake imekwisha kuondoka.

Jinsi kodi hii ilivyobadilika

Msingi wa kodi ya majengo uliwekwa na sheria mbili: Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na sheria ya mwaka 1983 iliyohusu utozaji wa kodi za majengo katika mamlaka za miji. Kwa utaratibu wa wakati huo mthamini alilikagua jengo, akakadiria thamani yake, kisha thamani hiyo ikaandikwa katika daftari la uthamini. Mwenye nyumba aliyeona kwamba thamani imezidishwa aliweza kupeleka pingamizi lake mbele ya baraza la uthamini lililowekwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi hii ulikabidhiwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mwaka 2018 vikawekwa viwango maalumu visivyotegemea uthamini, na nyumba ya kawaida ikatozwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Mnamo tarehe 20 Agosti 2021 kodi ikaanza kukatwa kwa njia ya LUKU, mtu anunuapo umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa katika majengo ya ghorofa ya mijini. Kuanzia Julai 2023 viwango hivyo vikapanda na kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500.

Haki yatudai tuseme kwamba mabadiliko hayo yana mema yake. Mthamini hapati tena nafasi ya kumpendelea huyu na kumwonea yule. Mlipaji hulipa kidogo kidogo, wala hapangi foleni. Wala tusidhani kwamba uthamini nao haukuwa na kasoro: jijini Nairobi, daftari la uthamini la miaka ya mwanzo ya themanini liliendelea kutumika kwa takribani miongo minne, wakati jiji lenyewe limekwisha kugeuka kabisa.

Pamoja na mema hayo, mambo mawili yamepotea njiani. La kwanza ni taarifa. Makadirio ya zamani yalimjia mwenye nyumba yakiwa yameandikwa. Aliweza kuyabeba, akamwonyesha mtu ajuaye kusoma, akauliza. Leo kodi huingia nyumbani bila kupiga hodi, imejificha ndani ya ununuzi wa umeme, na asiyesoma ujumbe wa simu hajui hata kwamba amelipa. Mtu hawezi kupinga jambo asilolijua. La pili ni tofauti ya uwezo. Nyumba ya vyumba viwili ya mkulima wa Lukuledi, na jumba la fahari lisilo na ghorofa la tajiri wa mjini, yote hutozwa shilingi 18,000 kwa mwaka. Kiwango kimoja kwa wote huonekana kama usawa. Lakini mzigo mmoja ukiwekwa juu ya tembo na juu ya mbuzi, hatuwezi kusema kwamba wanyama wale wametendewa sawa. Jambo hili la pili si la kumaliziwa ofisini kwa barua. Ni la kupelekwa kwa wabunge wetu, nasi twasihi waulizwe wanapofika kuomba kura.

Nani hapaswi kutozwa

Kwa hilo la kwanza, hata hivyo, twaweza kuanza kazi wiki hii. Viongozi wa jumuiya na wayashike kwa moyo makundi yafuatayo.

Kundi la kwanza ni la wazee waliotimiza umri wa miaka 60 na kuendelea. Mzee wa umri huo husamehewa kodi kwa nyumba moja ya makazi anayoimiliki na kuishi mwenyewe. Kundi la pili ni la watu wenye ulemavu wasio na kipato, kwa masharti hayo hayo ya nyumba moja. Kundi la tatu ni la nyumba zenyewe: nyumba za udongo na za nyasi zinazotumika kwa makazi hazimo katika majengo yanayotozwa. Siku hizi umeme umeingia hata katika nyumba za namna hiyo kwa kifaa cha UMETA, kwa hiyo kuwa na mita si ushahidi kwamba nyumba ni ya kutozwa.

Yapo pia makosa ya mita. Jengo moja lenye mita mbili au tatu hupaswa kutozwa kwa mita moja tu. Mwenye nyumba ambaye kila mita yake inakatwa anao mzigo wa kodi mara mbili au tatu, na anapaswa kutoa taarifa. Mpangaji naye, kama walimu na wauguzi wengi wanaopanga Masasi na Newala mjini, si mdaiwa wa kodi hii. Akikatwa kwa kuwa ndiye anunuaye umeme, ahifadhi ujumbe wa makato na kupatana na mwenye nyumba ili kiasi hicho kipunguzwe katika kodi ya pango.

Namna ya kudai

Anayeamini kwamba hakupaswa kutozwa asiende ofisini mikono mitupu, wala asiende kugombana na kijana anayeuza umeme dukani, ambaye hana mamlaka yoyote juu ya jambo hili. Twashauri afuate hatua hizi.

Kwanza, akusanye ushahidi wa makato. Kila ununuzi wa umeme huleta ujumbe au risiti inayoonyesha fedha zilivyogawanywa. Ujumbe wa miezi mitatu au minne unatosha kuanzia, pamoja na namba ya mita iliyoandikwa kwa usahihi.

Pili, athibitishe umri au hali yake. Kitambulisho cha Taifa ndicho cha kwanza. Asiyekuwa nacho, au ambaye tarehe yake iliandikwa kimakosa, aje parokiani. Madaftari ya ubatizo yamehifadhi kumbukumbu za watu wengi ambao hawakupata kamwe cheti cha kuzaliwa, na cheti cha ubatizo chaweza kuwa ushahidi wa kumsaidia. Makatibu wa parokia wasione uzito kuyafungua madaftari hayo kwa kazi hii.

Tatu, athibitishe kwamba nyumba ni yake na anaishi humo. Hapa ndipo wajane wengi hukwama, kwa sababu mita iliandikishwa kwa jina la marehemu mume, au kwa jina la mtoto aliyeko Mtwara au Dar es Salaam. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji, iliyothibitishwa na mtendaji wa kijiji, ieleze kwa ufupi nyumba ni ya nani, nani anaishi ndani, na jina lililo kwenye mita lina uhusiano gani naye.

Nne, apeleke ombi lake kwa maandishi katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, ajaze fomu atakayopewa, na asiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Katika ombi hilo aeleze pia, kama ndivyo, kwamba aliwahi kukatwa isivyostahili, na aombe kurejeshewa. Neno la mdomo halina tarehe. Karatasi yenye muhuri inayo.

Ikiwa ofisi itatoa uamuzi usioridhisha, sheria haikuishia hapo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, asiyeridhika na makadirio ana siku 30 za kupeleka pingamizi kwa Kamishna. Kwa kawaida hutakiwa kwanza kulipa kiasi asichokibishia, au theluthi moja ya kodi, kutegemea kipi ni kikubwa. Baada ya hapo iko Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na kwa hoja za kisheria Mahakama ya Rufani. Ipo pia Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, iliyowekwa ili kusikiliza manung'uniko ya walipakodi dhidi ya huduma na taratibu za watoza kodi.

Gharama ya kuidai haki

Hatuna budi kusema ukweli: hakuna mjane wa Lukuledi atakayekwenda mbele ya Bodi kwa ajili ya shilingi 1,500. Hata safari ya Masasi yenyewe ni mtihani. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, siku ya shamba iliyopotea, na pengine kuambiwa arudi wiki ijayo. Baada ya safari chache haki imekuwa ghali kuliko dhuluma. Ndiyo maana wengi huinamisha vichwa wakalipa. Hawakosi akili, wamepiga hesabu, na hesabu imewakataa.

Kwa hiyo hesabu hiyo lazima ibadilishwe, nasi tunayo njia. Jumuiya moja ikiwa na wazee kumi wanaostahili msamaha, makato ya mwaka kwa wote ni shilingi 180,000. Nauli ya mjumbe mmoja aliyebeba mafaili kumi yaliyokamilika ni ile ile ya mzee mmoja aliyebeba faili moja. Kila jumuiya na imteue mtu mmoja, mwaminifu na mwenye mwandiko mzuri, apite nyumba kwa nyumba, aorodheshe wanaostahili, awasaidie kukusanya karatasi, kisha aulize ofisini ni lini na kwa namna gani maombi hayo yatapokelewa kwa pamoja. Pale ambapo sheria inamtaka mhusika afike mwenyewe, wazee wasafiri siku moja katika gari moja. Afadhali zaidi, halmashauri ya parokia na serikali ya kijiji waandike barua kuwaomba maofisa wafike Lukuledi kwa siku moja tu. Mtumishi mmoja kuja kwa wazee hamsini ni jambo jepesi kuliko wazee hamsini kumfuata yeye.

Katika orodha hiyo asibaguliwe mtu. Jirani zetu Waislamu wana wazee na wajane kama sisi. Viongozi wa msikiti washirikishwe tangu siku ya kwanza. Wala asiandikwe asiyestahili. Mzee mwenye nyumba tatu za kupangisha hana msamaha kwa hizo za kupangisha, na kijana anayetaka kuandikisha nyumba yake kwa jina la bibi yake ili akwepe kodi amtafute mwandishi mwingine. Aliyechezea mita yake naye aiombee radhi dhambi hiyo kwanza. Orodha yenye uongo mmoja itawanyima wakweli wote.

Neno kwa wenye mamlaka

Kwa maofisa wa mapato na wa umeme wanaosoma kurasa hizi, wengine wakiwa waamini wenzetu, tuna ombi la heshima. Tarehe za kuzaliwa za wananchi zimo katika kumbukumbu za Taifa. Mtu anapotimiza miaka 60, kwa nini asubiriwe aje kuomba kile alichokwisha kupewa na sheria? Hadi hapo mfumo utakapoweza kumtambua wenyewe, angalau maelezo ya msamaha yabandikwe kwa Kiswahili chepesi katika kila ofisi ya kijiji na kila duka linalouza umeme. Zakayo mtoza ushuru hakusubiri barua ya malalamiko. Aliahidi mwenyewe kurudisha mara nne. Sisi hatuombi mara nne. Twaomba kilichochukuliwa isivyo halali kikome kuchukuliwa.

Na kwa ninyi viongozi wa walei, katika mkutano ujao wa jumuiya tafadhalini mjiulize maswali haya matatu. Ni wazee wangapi katika jumuiya yetu wanaokatwa kodi ya jengo ilhali wamesamehewa? Ni nani kati yetu atakayepita kuwaandika, na ataanza siku gani? Na nyumba zetu sisi tunaostahili kulipa, je, tunalipa bila hila?

Majibu yaletwe kwa katibu wa parokia, yakiwa na majina na namba za mita. Madaftari ya ubatizo yako tayari kabatini.